Kenya Law kwa Mwenye Biashara wa Lamu: Pa Kusomea Adhabu Kabla Afisa Hajabisha Hodi

Yeyote anayeendesha nyumba ya wageni katika Mji wa Kale wa Lamu yuko chini ya kanuni za taasisi nyingi za serikali kwa wakati mmoja. NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inaangalia taka na maji machafu, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaangalia nakala za pasipoti tunazochukua mapokezini, KRA, mamlaka ya mapato, inadai ushuru wake, Makumbusho ya Kitaifa yana neno la kusema kabla hujagusa ukuta wa matumbawe wa nyumba ya zamani, na serikali ya kaunti ina leseni yake na wakaguzi wake wa afya. Kila mmoja kati ya hao ana kanuni, na kila kanuni ina adhabu nyuma yake. Jambo linaloumiza wengi wetu huku si ukali wa adhabu zenyewe. Tunaumia kwa sababu tunazijua kwa kusikia, kutoka baraza moja hadi baraza nyingine, na kila anayezisimulia huongeza au kupunguza sifuri.

Huduma ninayoitathmini hapa ni tovuti ya Kenya Law, inayoendeshwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ndani yake zimo Sheria za Kenya, kanuni zilizotungwa chini ya sheria hizo, hukumu za mahakama, na matoleo ya Gazeti Rasmi la Kenya. Mawakili na wanafunzi wa sheria wanaifahamu na wana sababu zao za kuisifu. Mimi naitathmini kwa kazi moja tu, ambayo ni kumwezesha mtu asiye mwanasheria kujua kwa hakika kwamba akivunja kanuni fulani ya taasisi ya serikali, adhabu yake ni ipi, ni nani mwenye uwezo wa kuitoa, na anaweza kuipinga wapi. Kwa kazi hiyo sijaona huduma nyingine inayoikaribia, na inatolewa bure, bila kujisajili wala kuacha namba ya simu.

Matumizi yake ni mepesi hata kwa simu ya kawaida. Unaandika jina la sheria au namba ya sura yake katika kisanduku cha kutafutia, sheria inafunguka ikiwa na orodha ya vifungu, nawe unashuka hadi karibu na mwisho, kwa kuwa sheria nyingi za Kenya huweka makosa na adhabu huko. Kwa mfano, katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 387, vifungu vinavyohusu makosa vinaanzia 137 na kuishia 145. Mtu anayejua hivyo hahitaji kusoma sheria nzima ili apate jibu lake, ingawa namshauri asome pia maelezo ya istilahi yaliyo mwanzoni, kwa sababu mara nyingi kesi nzima husimama juu ya tafsiri ya kitu kimoja kilichoelezwa pale.

Nitakaa kidogo kwenye sheria hiyo, kwa kuwa ndiyo inayogusa watu wengi zaidi hapa kisiwani na ndiyo inayoonyesha vizuri faida ya huduma hii. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilitolewa na Waziri wa Mazingira mwezi Februari 2017, ikachapishwa katika Gazeti Rasmi kama Tangazo namba 2356, na ikaanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huo. Ukilifungua tangazo lenyewe utashangaa ufupi wake. Linapiga marufuku kutumia, kutengeneza na kuingiza nchini mifuko ya plastiki ya kufungia bidhaa madukani na majumbani, na linaitaja kwa aina mbili, yaani mfuko wenye mikono na mfuko bapa usio na mikono. Hiyo aina ya pili ndiyo wauzaji wengi hawakuielewa. Vile vijifuko vyembamba vinavyoonyesha ndani, ambavyo watu walizoea kutilia karanga, kashata na bisi, vimo katika marufuku sawasawa na mfuko wa kubebea. Kifungashio ambacho bidhaa imetiwa kiwandani, kama plastiki ya mkate wa kiwanda, NEMA ilieleza kwamba hakikulengwa.

Lakini utasoma tangazo hilo kuanzia juu hadi chini na hutaona faini wala kifungo. Hapo ndipo watu wengi hukwama na kuanza kuamini lolote wanaloambiwa. Adhabu iko katika sheria mama, yaani ile sheria ya mazingira ambayo tangazo lilitolewa chini yake, kifungu cha 144, ambacho ni kifungu cha jumla kwa kila kosa la sheria hiyo au la kanuni zake ambalo halikuwekewa adhabu yake mahususi. Kinasema kwamba mtu akipatikana na hatia atafungwa kwa muda usiopungua mwaka 1 na usiozidi miaka 4, au atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 2 na isiyozidi milioni 4, au vyote viwili. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2015 kifungu hicho hicho kiliishia kwenye faini ya shilingi 350,000 na kifungo cha miezi 18. Kwa hiyo mzee anayekuambia barazani kwamba faini haifiki hata nusu milioni huenda hakudanganyi. Anakueleza sheria aliyoijua zamani, na wewe ukiifuata utaingia hasara ya sasa.

Soma tena kifungu hicho na uangalie kiwango cha chini. Milioni 2 ndipo faini inapoanzia. Kwa duka la kawaida la mtaa wa Langoni, hiyo ni bidhaa yote iliyomo rafuni, na jengo lenyewe huenda likafuata. Mimi naunga mkono marufuku hii kwa moyo wote, kwa sababu sisi ndio tunaookota yale yanayotupwa baharini, na kasa wanaokuja kutaga katika fukwe zetu hawana namna ya kutofautisha mfuko unaoelea na chakula chao. Hata hivyo, adhabu nzito kiasi hiki inadai kwamba anayeweza kuadhibiwa awe ameiona kwa macho yake, imeandikwa, katika lugha anayoielewa. Kuhusu lugha nitarudi baadaye.

Sasa angalia maneno yanayosema mtu akipatikana na hatia. Maana yake kisheria ni kwamba faini ya kifungu cha 144 inatolewa na hakimu baada ya mashtaka kusomwa, ushahidi kutolewa na mshtakiwa kusikilizwa, au baada ya mwenyewe kukiri kosa mbele ya mahakama. Mkaguzi wa mazingira ana uwezo mkubwa: anaweza kuingia katika eneo la biashara kwa wakati unaofaa, kukagua, kuchukua sampuli na kushika ushahidi, na kumzuia asifanye kazi yake ni kosa jingine chini ya kifungu cha 137. Pamoja na hayo yote, hana uwezo wa kukutoza milioni 4 mlangoni pako.

Niliona umuhimu wa jambo hili katika duka moja hapa mjini. Mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa idara fulani ya serikali alikuta vijifuko vilivyopigwa marufuku chini ya meza ya mizani, akamwambia mwenye duka, “Mzee wangu, hii ni milioni nne. Lakini sisi ni watu wa kuelewana, nipe elfu kumi nifunge macho.” Mpwa wa mwenye duka alikuwa na kifungu hicho katika simu yake, akamsomea mjomba wake kwa sauti, kisha akasema kwa adabu, “Bwana afisa, kosa tumeliona na vijifuko tunavitoa. Kama ni mashtaka, tuandikie hati ya kufika mahakamani, tutakuja.” Yule mtu hakuandika kitu. Vijifuko vilitolewa siku hiyo hiyo, na hilo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo.

Laiti elfu kumi zile zingetolewa, pande zote mbili zingekuwa zimeingia katika kosa kubwa kuliko la plastiki. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, ambayo nayo iko katika tovuti hii, inamwadhibu anayetoa sawa na anayepokea, na kwa mtu binafsi adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Wenye biashara wengi hufikiri kutoa kitu kidogo ni kupunguza hasara. Wakiziweka sheria hizi mbili ubavu kwa ubavu wataona kwamba wanatoka kwenye shimo la milioni 4 na kuingia la milioni 5, na miaka ya kifungo inaongezeka kutoka 4 hadi 10.

Kuna kifungu kingine katika sura hiyo hiyo ambacho kila mwajiri anapaswa kukisoma. Kifungu cha 145 kinamfanya mwajiri awajibike kwa kosa lililofanywa na mfanyakazi wake, isipokuwa athibitishe kwamba lilifanywa kinyume cha maagizo yake ya wazi. Kwa hiyo haitoshi kusema mahakamani kwamba ni mpishi aliyemwaga mafuta machafu kwenye mfereji wa mtaani, au kwamba ni kijana wa usafi aliyechoma taka ufukweni. Utaulizwa uliagiza nini, lini, na kwa njia gani. Baada ya kusoma hayo niliandika maagizo ya taka na maji machafu kwa Kiswahili, nikayabandika jikoni, na kila mfanyakazi akaweka sahihi yake. Gharama yake ilikuwa karatasi moja. Kwa upande wa uchafuzi, kifungu cha 142 kinaongeza kwamba mahakama inaweza kumwamuru mchafuzi alipe gharama ya kusafisha alichochafua, na katika mji wenye mifereji ya wazi inayopita mbele ya nyumba za watu, gharama hiyo haina mpaka unaoweza kuukisia mapema.

Eneo la pili ambalo tovuti hii imenifaa ni ulinzi wa data, na hapa wenye nyumba za wageni wa Lamu na Malindi wamelala usingizi mzito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na sisi tunachukua majina, namba za pasipoti, picha, wakati mwingine hata taarifa za maradhi ya mgeni asiyeweza kula samaki. Kanuni za usajili zilizoanza kutumika Julai 2022 zinasamehe biashara ndogo zenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini msamaha huo una orodha ya kazi ambazo haziguswi nao, na huduma za malazi na ukarimu zimo katika orodha hiyo. Nyumba yenye vyumba vitatu na mfanyakazi mmoja inatakiwa kujisajili kama hoteli kubwa ya ufukweni.

Hapa adhabu ni ya namna nyingine, na tofauti hii ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Kamishna wa Data anaweza kutoza faini mwenyewe, kwa uamuzi wa kiutawala, bila kwenda kwa hakimu. Kifungu cha 63 kinaiwekea faini hiyo kikomo cha shilingi milioni 5 au, kwa biashara, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na kinachofuatwa ni kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Watu wanaonukuu milioni 5 husahau sentensi hiyo ya mwisho. Nyumba iliyouza kwa shilingi milioni 3 mwaka jana, asilimia 1 yake ni elfu 30. Elfu 30 inauma, lakini haifungi mlango. Anayetozwa ana haki ya kukata rufaa katika Mahakama Kuu, na hilo limeandikwa katika kifungu kinachofuata, cha 64. Nje ya faini hiyo ya Kamishna, yapo makosa ya jinai yanayopitia mahakamani, ambayo adhabu yake ya jumla ni faini isiyozidi milioni 3 au kifungo kisichozidi miaka 10.

Na wala si maneno ya kwenye karatasi tu. Mwezi Septemba 2023 Kamishna alitangaza faini kwa taasisi tatu, mmojawapo ukiwa mkahawa wa Nairobi uliotozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa yake. Kila wiki naona kurasa za mikahawa ya pwani zimejaa nyuso za wageni wakila kaa na kamba, wengine wakiwa na watoto wao, na sidhani kama hata mmoja wao aliulizwa.

Sheria iliyonifungua macho kuliko zote katika tovuti hii, ingawa watu wachache nje ya mahakama huitaja, ni Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013, Sura ya 2A. Hii ndiyo inayoeleza jinsi taasisi ya serikali inavyoruhusiwa kutunga kanuni na mipaka ya adhabu inayoweza kuziwekea. Kifungu cha 24 kinasema kwamba kanuni haiwezi kupingana na sheria mama, na kwamba adhabu ambayo mtunga kanuni anaweza kuiambatisha kwa uvunjaji wa kanuni yake haizidi faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Taasisi ikitaka adhabu nzito kuliko hiyo, lazima iwe Bunge lenyewe limeiweka ndani ya sheria mama, kama lilivyofanya katika kifungu cha 144 cha sheria ya mazingira.

Faida ya kujua hivyo ni kubwa kwa mtu wa kawaida. Ukiambiwa kwamba kanuni fulani ina faini ya laki 5, swali lako la kwanza liwe ni kifungu gani cha sheria mama kinachoruhusu kiasi hicho. Kama kipo, kitakuwa katika tovuti na utakisoma mwenyewe. Kama hakipo, una hoja ya kumpa wakili wako au kuieleza mahakamani. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 11, inataka kila kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inakoma kuwa na nguvu, na katika kifungu cha 21 inasema kwamba kanuni huisha yenyewe baada ya miaka 10 isipofutwa mapema au kuongezewa muda. Kuna kanuni zilizowahi kunukuliwa mbele yangu kwa sauti kubwa ambazo umri wake ulistahili kuulizwa kwanza.

Wakazi wa Lamu hawahitaji kuambiwa kwamba kanuni zinaifunga serikali pia. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya mazingira kwa mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, hapa katika kaunti ya Lamu. Shirika la Save Lamu pamoja na wakazi walikata rufaa katika jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni hiyo, sababu kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo mzima unasomeka bure katika tovuti ninayoizungumzia. Ninampendekezea kila mtu wa hapa ausome, hasa sehemu zinazoeleza mikutano iliyofanyika, nani aliitwa na aliambiwa nini, kwa kuwa ni nadra kuona maisha ya kijiji chako yakipimwa kwa kipimo cha sheria kwa upole na ukamilifu wa namna ile. Kwa anayetaka kufuata njia hiyo katika jambo lake mwenyewe, muda wa rufaa katika jopo hilo ni siku 60, na huanza kuhesabiwa uamuzi unapotolewa.

Pamoja na sheria hizo isomwe Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015, ambazo kwa pamoja zinakupa haki ya kupewa taarifa kabla ya uamuzi unaokudhuru, kusikilizwa, na kuelezwa sababu kwa maandishi. Afisa anayekufungia biashara bila kukuandikia sababu yuko nje ya sheria hata kama kosa lako ni la kweli. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 ni rahisi zaidi, kwani anayevuta sigara mahali pa umma palipokatazwa anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, na hapo hakuna la kuzungusha.

Nimesifu vya kutosha. Sasa niseme inapopungua. La kwanza na kubwa kuliko yote ni lugha. Katiba katika Ibara ya 7 inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini sheria zenyewe zinatungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha sheria ni kigumu hata kwa aliyemaliza kidato cha nne. Nahodha wa mashua ya abiria anayevuka kwenda Mokowe, mama anayekaanga viazi karai jioni Mkunguni, fundi wa makuti, hawa wote wanaweza kufungwa chini ya vifungu ambavyo hawawezi kuvisoma bila mtu wa kuwasomea. Kosa la hili halianzii kwa wenye tovuti, kwani wao huchapisha kilichotungwa. Hata hivyo wao ndio wenye jukwaa, na tafsiri ya vifungu vya adhabu peke yake, bila kugusa sheria nzima, ingekuwa kazi inayowezekana.

La pili ni kwamba kanuni hazipatikani kwa wepesi kama sheria mama. Ni lazima ujue kanuni ilitungwa chini ya sheria ipi ndipo uifikie, na mwenye biashara mara nyingi anajua jina la taasisi tu. Anayeandika neno plastiki au kelele katika kisanduku cha kutafutia atajaziwa hukumu nyingi kabla ya kuiona kanuni anayoitafuta. Sheria za mashua na usalama wa abiria baharini ni mfano mwingine wa mambo yaliyotawanyika kati ya sheria mama na kanuni kadhaa, na kwa hizo namshauri mwenye chombo aende na namba za vifungu ofisini kwa mamlaka ya bahari akaulize, badala ya kutegemea kuzisoma peke yake. Ada za kaunti nazo hubadilika kila mwaka wa fedha, na kwa hizo bado ninauliza kaunti kwanza.

La tatu, ambalo msomaji mgeni anaweza asilitambue, ni tarehe. Sheria hurekebishwa, na toleo lililopakuliwa na kuhifadhiwa katika simu ya rafiki yako huenda limepitwa. Tovuti huonyesha toleo la sheria ni la tarehe ipi, na ni wajibu wako kuangalia hapo kabla ya kubishana na mtu. Pia kuna jambo ambalo tovuti haitakuonyesha, nalo ni kama kanuni fulani ilifikishwa Bungeni kwa wakati. Kwa hilo ni lazima kutafuta katika kumbukumbu za Bunge lenyewe.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie njia zilizozoeleka. Wakili ni wa lazima pale mashtaka yanapokuwa yameshaandikwa, na sitaki mtu yeyote asome makala haya kisha aende mahakamani peke yake kwa kosa lenye kifungo cha miaka 4. Lakini kumlipa wakili kwa swali la faini ni kiasi gani ni gharama ambayo biashara ndogo haiwezi kuibeba kila mwezi. Vijana wa saiba, yaani vibanda vya intaneti, katika Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu, husaidia sana kujaza fomu na kulipa ada za serikali, ila wanakujibu juu ya adhabu kwa walichosikia kwa mteja aliyetangulia. Na kumuuliza afisa wa taasisi husika ni jambo jema, wengi wao ni waungwana na huelekeza vizuri, isipokuwa si busara chanzo chako pekee cha kujua adhabu kiwe yule yule anayekukagua.

Kwa hiyo naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya lugha, na nitaitoa kwa furaha siku nitakapoona hata vifungu vichache vya adhabu vimewekwa kwa Kiswahili fasaha: cha 144 na cha 145 vya mazingira, cha 63 na cha 64 vya data, cha 24 cha hati za kisheria, na vile vya hongo. Mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni au mwenye mashua asingoje siku hiyo. Atafute mwalimu wa shule au kijana aliyesoma katika familia yake, wakae pamoja jioni moja, wafungue sheria inayohusu kazi yake, wapige chapa ukurasa wa makosa na adhabu ukiwa na tarehe ya toleo, na pembeni waandike kwa Kiswahili mambo matatu: kiasi cha juu na cha chini, nani anayetoa adhabu hiyo, na rufaa inakwenda wapi kwa siku ngapi. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na leseni, mahali ambapo mfanyakazi anayebaki dukani ataifikia wakati mwenyewe hayupo.